Marcelino Aliyengoja Paundi Ishuke

Pale machimbo ya bonde la Lupa, upande wa Chunya, watu walikuwa wakiulizana habari za mvua, za mwamba na za watoto. Marcelino alikuwa akiuliza habari za paundi. Lori la mizigo likifika Jumatano, wenzake walikimbilia sukari na tumbaku, yeye alikuja kwangu na gazeti la wiki mbili zilizopita, amelikunja vizuri, akanikabidhi na kusema, "Jailos, soma." Hakutaka habari za vita wala za wafalme. Nilipitisha kidole mpaka nione neno paundi, nikamsomea, naye akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Walimwita Bwana Paundi. Wazee wa machimbo wanaomkumbuka mpaka leo wanamkumbuka kwa kicheko, na mimi nilicheka nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Naandika habari zake kwa sababu kicheko hicho sasa kinanikera. Anayesoma ajue tangu mwanzo kwamba sikuwa mtazamaji tu katika mambo haya.

Marcelino alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, Iringa. Mtu mrefu, mpole, mgumu wa kichwa, asiyejua kusoma hata jina lake. Alimuoa Severina kanisani mwaka 1945, lakini mahari ilikuwa bado. Baba wa Severina alikuwa amekwisha kufa, na aliyesimama mahali pake ni kaka yake mkubwa, Kalinga, mtu wa kauli moja. Ng'ombe walikuwa wanane. Marcelino alitoa wawili. Kalinga akamwambia mbele ya ukoo mzima, "Hao sita waliobaki uwalete pamoja, siku moja. Usiniletee mmoja mmoja kama mtu anayelipa kuku. Na kabla ya siku hiyo, dada yangu akikanyaga hapa, harudi kwako."

Maana yake ilikuwa wazi. Severina hangeweza kwenda kumwona mama yake mpaka ng'ombe sita wapatikane. Mwaka 1946 wakaja Chunya, na Marcelino akamwahidi kwamba ni miaka miwili tu. Severina alianza kusuka kikapu cha nyasi za milulu, kile cha kwao Iringa, kwa ajili ya kumpelekea mama yake. Alikimaliza mapema kuliko miaka miwili. Akakitundika juu ya kitanda.

Mimi ni Msafwa wa Mbalizi, nimesoma kwa Wamoravia mpaka darasa la sita, na kwenye machimbo yale hilo lilinifanya mtu mkubwa. Nilikutana na Marcelino tukashirikiana shimo moja, nusu kwa nusu. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na mdomo. Dhahabu yangu niliiuza kila nilipoipata, nikala na kunywa. Yake aliitia ndani ya mashina ya manyoya ya tumbusi, yale makubwa ya bawa, yenye uwazi ndani. Shina likijaa aliliziba kwa nta ya nyuki, akalificha kwenye nyasi za paa. Wachimbaji wengi wa zamani walifanya hivyo, kwa sababu unyoya hauvuji wala hauozi, na mwizi akiuona hudhani ni takataka.

Kufikia Septemba 1949 alikuwa na wakia mbili kamili. Bei ilikuwa shilingi mia moja sabini na mbili kwa wakia. Ng'ombe mzuri Iringa alikuwa shilingi sabini. Alikuwa bado kidogo tu, shilingi sabini na sita, yaani ng'ombe mmoja na chenji. Siku ya Jumatatu moja asubuhi mnunuzi wa dhahabu, mtu mwenye leseni ambaye sisi tulimwita Bwana Mizani, alituma mtu kambini kusema kwamba ananunua leo, na kila atakayeuza atapewa ratili ya sukari juu yake. Bwana Mizani hakuwa mtu wa kutoa sukari. Tulipaswa kujiuliza. Tulikwenda mbio.

Marcelino aliuza wakia zake zote mbili. Alipata shilingi mia tatu arobaini na nne, na sukari.

Jumanne bei ilikuwa mia mbili arobaini na nane.

Bwana Mizani alikuwa na redio ya betri. Jumapili alisikia kwamba Waingereza wameshusha thamani ya paundi yao, na Jumatatu alitununua sisi sote kwa bei ya jana. Kama Marcelino angelala siku moja tu, angepata karibu mia tano, angelipa ng'ombe wote sita na nauli ikabaki. Alikwenda kusimama mbele ya duka la yule bwana kutwa nzima. Hakutukana wala hakupiga. Alisimama tu mpaka mwenye duka akafunga mlango. Fedha ile, kwa uchungu na kwa tamaa ya kuirudisha upesi, tuliitia yote kwenye magogo ya kuegemeza kuta na baruti za shimo jipya.

Hapo ndipo ilipoingia kazi yangu. Gazeti lilipofika nililisoma mara tatu, kisha nikamwita Marcelino na Severina nje ya nyumba yao, nikawaeleza kama mwalimu. Niliwaambia kwamba bei ya dhahabu haipangwi Chunya wala Mbeya, wala London. Imefungwa Amerika, dola thelathini na tano kwa wakia, haipandi, haishuki. Shilingi yetu nayo imefungwa kwenye paundi ya Mwingereza, ishirini kwa moja. Sisi ni mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa ng'ombe. Ng'ombe akianguka, mbuzi naye anaanguka. Paundi ilikuwa dola nne na kidogo, sasa imekuwa dola mbili na senti themanini. Kwa hiyo dola zile zile thelathini na tano zimekuwa shilingi nyingi zaidi.

"Kwa hiyo paundi ikianguka, dhahabu yangu inapanda," Marcelino alisema.

"Barabara."

"Na itaanguka tena?"

Kweli ni kwamba sikujua. Gazeti halikusema. Lakini nilikuwa na watu wawili wamenikodolea macho, na raha ya kuwa na jibu ni raha kubwa kwa kijana aliyesoma kidogo. Nikasema, "Aliyeanguka mara moja ataanguka tena. Waingereza wamefilisika na vita. We ngoja uone."

Mwaka 1951 Marcelino alikuwa tena na wakia mbili, mashina manne ya tumbusi. Kwa bei ya siku ile ni shilingi mia nne tisini na sita. Ng'ombe alikuwa amefika themanini, sita wakawa mia nne themanini. Zilitosha. Severina alikitungua kikapu, akakifuta vumbi, akaanza kufunga vitu. Nilipita pale nikamkuta anaimba Kihehe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

Jumatano lori likaja, Marcelino akaniletea gazeti. Mle ndani mlikuwa na habari kwamba hazina ya Waingereza inapungua dola. Nikamsomea, nikaongeza na ya kwangu. Jioni Marcelino akamwambia mkewe, "Tungoje kidogo. Nikiuza leo na kesho ikashuka, nitakuwa mjinga mara mbili."

"Ng'ombe ni sita," Severina alisema. "Wametosha."

"Ikishuka watakuwa tisa. Tutapata na wa kufuga."

Severina akakitundika tena kikapu juu ya kitanda, na mimi nilikwenda zangu nikijiona mtu wa maana.

Paundi haikushuka mwaka ule wala uliofuata. Kitu kingine ndicho kilichopanda, nacho ni kila kitu. Sukari ilipanda, khanga zikapanda, baruti zikapanda. Ng'ombe akafika mia, akafika mia na ishirini. Dhahabu ilikaa pale pale, mia mbili arobaini na nane, mwaka hadi mwaka. Wazungu waliokuwa na migodi mikubwa walianza kufungasha. Mtu mwenye macho angeona kwamba kungoja kulikuwa kunatula. Mimi niliona. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na kurudi nyuma kulinipa aibu.

Mwaka 1953 maji yaliingia shimoni kwetu. Ikatokea kwamba Bwana Madini, ofisa wa serikali wa machimbo, alikuja na mpango. Alikusanya watu akasema serikali inahitaji dhahabu itoke nchini kwa wingi, kwa sababu dhahabu inaleta dola, na dola hazipatikani. Kwa hiyo mchimbaji mdogo atasaidiwa. Atakodishwa pampu ya maji kwa nusu ya gharama, na mawe yake atasagiwa kwa nusu ya gharama. Sharti lilikuwa moja. Kila punje ya dhahabu iandikwe kitabuni na iuzwe kwa mwenye leseni ndani ya siku thelathini. Atakayeficha atanyang'anywa leseni na kushtakiwa.

Tulichukua pampu, la sivyo shimo lilikuwa limekufa. Nilimwambia Marcelino auze mashina yake kabla hatujaanza kuandika. Hilo nililisema, na ndilo neno la akili pekee nililowahi kumwambia.

"Niuze wiki hii," alisema, "halafu ishuke wiki ijayo?"

Basi ile dhahabu ya kitabuni tuliiuza kama sheria ilivyotaka, tukalipa pampu, tukala. Na ile ya manyoya ikabaki kwenye nyasi za paa, na kila mara Marcelino alibana punje kidogo, akaongeza shina la tano, miaka ikapita, la sita. Wakia tatu. Alifurahi kwamba mashina yamelingana na ng'ombe. Ila sasa ilikuwa dhahabu ya magendo, na hakuna aliyeifanya iwe hivyo ila yeye na mimi.

Severina alianza kukohoa mwaka 1957, baada ya masika. Kwanza tulisema ni vumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akitwanga mawe yale madogo kwenye kinu, na vumbi la mawe lilikuwa likimjaa mpaka kwenye nyusi. Mwezi wa saba alikohoa damu. Marcelino alikuja kwangu siku ile ile akaniambia, "Nauza. Nampeleka Mbeya hospitali, halafu nampeleka kwao. Ng'ombe watakaopungua nitamwomba Kalinga."

Ningemwambia nenda, angekwenda. Lakini gazeti la wiki ile lilikuwa mezani kwangu, na safari hii halikuwa uongo wangu. Lilisema wazi kwamba duniani kote watu wanauza paundi, kwamba wenye fedha wanaamini itashushwa mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa, kama ile ya 1949. Nilimsomea.

"Mwezi wa tisa ni miezi miwili tu," alisema.

"Miwili tu," nikasema.

Siku chache baadaye Severina alinikuta kisimani. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Alitua ndoo akapumzika kabla ya kusema.

"Shemeji, wewe ndiye unayesoma. Hiyo paundi itashuka kweli?"

"Itashuka."

"Mimi sidai ng'ombe tisa. Nataka kumwona mama. Ungemwambia wewe, angekusikia. Mimi hanisikii tena, anasikia gazeti."

Nikamwambia, "Vumilia shemeji, ni mwezi wa tisa tu." Akanitazama sana. Kisha akajitwika ndoo yake. Nimewahi kufanya mabaya mengine katika maisha, nimeiba, nimepiga mtu. Hakuna lililonikaa rohoni kama lile la kisimani.

Mwezi wa tisa ulikuja. Gazeti lililofika Oktoba lilisema Waingereza wamepandisha riba, tena sana, na wameapa kwamba paundi haitasogea hata senti. Dola mbili na themanini, na basi. Nilimsomea Marcelino hadi nukta ya mwisho. Hakutikisa kichwa. Alisimama, akapanda kwenye kiti, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa.

Nilikwenda naye kwa Bwana Mizani. Yule bwana aliyapanga mashina sita mezani, akafungua moja, akaimwaga dhahabu kwenye sahani ya mizani, kisha akaomba kitabu chetu. Akakisoma polepole.

"Hizi hazimo," alisema.

Marcelino alilisogeza shina la pili mbele yake.

"Sikulaumu. Ila nikiziandika, Bwana Madini ataniuliza, na nitamtaja nani? Nikinunua bila kuandika, hatari ni yangu. Nitakupa mia na sabini."

"Mke wangu ni mgonjwa," Marcelino alisema.

"Pole sana. Mia na sabini. Ukitaka nyingine, twende wote bomani."

Mia na sabini. Alikuwa amengoja miaka minane, na bei aliyopewa ilipungua shilingi mbili kwa ile ya Jumatatu ya sukari. Safari hii hata sukari hakupewa. Nilitaka kumkaba yule mtu koo. Marcelino alinishika mkono, akahesabiwa shilingi zake mia tano na kumi, akasema asante.

Waliondoka kesho yake kwa lori. Severina alikaa mbele kwa dereva, kikapu mapajani. Mimi nilisema nibaki kulinda pampu. Pampu haikuhitaji kulindwa.

Yaliyofuata Marcelino aliniambia mwenyewe aliporudi, maneno machache kila siku, tukiwa shimoni. Mbeya daktari alimpima akasema wangekuja miezi mitatu nyuma, sindano zingefaa. Sasa alazwe tu, waone. Severina alikataa kulazwa. Alimwambia mumewe, "Nipeleke kwa mama, basi." Wakapanda basi la Iringa. Lilipofika Chimala alikuwa hawezi kukaa wima. Akina mama wauza mchele walimtandikia mkeka kwenye kibaraza cha duka, na pale akafa, saa nane mchana, watu wanapimiana mchele pembeni. Akazikwa huko huko kesho yake. Katekista mmoja, Timotheo, aliongoza sala, na watu wasiomjua walichimba kaburi. Marcelino alisema walichimba vizuri, ukuta ulikuwa umenyooka. Hilo alilirudia mara nyingi.

Akaenda Iringa peke yake, na kikapu.

Kwa Wahehe mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Marcelino hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake Severina ikimwelekea yeye. Alipofika alikaa uani, Kalinga akatoka, mama akabaki ndani. Alitoa habari. Kalinga, kwa kuwa hakujua kufanya jingine, akauliza juu ya mahari. Marcelino akamsogezea kikapu. Ndani yake mlikuwa na shilingi mia nne na ishirini, zile zilizobaki baada ya nauli na sanda. Ndizo hasa zilizotakiwa mwaka 1949.

"Mlamu, shemeji yangu," Kalinga alisema, "ng'ombe siku hizi ni mia na hamsini. Hawa hawafiki watatu."

Hapo mama akatoka. Bibi mfupi, alisema Marcelino, mwenye uso ule ule wa Severina. Alimjia moja kwa moja, akasimama mbele yake, akamtazama usoni, na Marcelino kwa kuzoea mila akainamisha kichwa.

"Nani alikwambia mimi nataka ng'ombe?" alimuuliza. "Ng'ombe walikuwa wa huyu. Mimi ungeniletea mwanangu usiku, nikamwona, ukarudi naye. Nani angekufunga?"

Kisha akazimwaga zile shilingi miguuni pa Kalinga, akachukua kikapu kitupu, akaingia nacho ndani.

Marcelino alirudi Lupa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimemwogopa, nikamkaribisha kwa maneno mengi. Hakuwa na hasira. Aliingia shimoni kama kawaida. Jumatano lori likafika, na nilipomwona anakwenda zake bila gazeti, nilijua kwamba ningepata adhabu yangu, ila sikujua lini.

Ilikuja karibu na Krismasi, tunapumzika juu ya rundo la mawe. Aliniambia, "Severina alinieleza kwamba alikuuliza kisimani."

"Aliniuliza."

"Siku ile ulikuwa unajua kama itashuka?"

"Nilikuwa sijui, Marcelino. Tangu mwanzo nilikuwa sijui."

"Hata mimi nilikuwa sijui," alisema. "Lakini mimi sikusoma."

Kisha akachukua karai lake, akashuka shimoni, akaniita nimteremshie kamba ya kupandishia mawe.